Niangalizie nini hasa? Mwongozo wa kurekebisha maandishi

Hapa Lamu mtu akimaliza kuandika barua ya ofisini, tangazo la mkutano au hati ya mauziano ya kiwanja, hutafuta mtu wa kumsomea. Huenda kwa maalim wake wa zamani, kwa mtoto wa dada aliyemaliza chuo, au kwa kijana wa duka la kuchapa kule Langoni, akanyoosha mkono na karatasi yake na kusema neno moja: niangalizie. Huyo aliyepewa naye haulizi. Anarekebisha herufi mbili tatu na kuirudisha, kumbe mwenyewe alitaka apunguziwe kurasa tatu ziwe moja. Au mambo huwa kinyume chake: mwenye barua alitaka tarehe tu zihakikishwe, ikarudi imegeuzwa kutoka juu hadi chini na haitambui tena. Wanaogombana kwa sababu ya sarufi ni wachache sana. Wengi hugombana kwa sababu kazi haikutajwa jina.

Mwongozo huu ni wa anayeandika na wa anayeletewa: katibu wa kikundi, mwalimu, mwenye duka la kuchapa, kijana ambaye mtaa mzima umemfanya mwandishi wa barua. Hatua zifuatwe kwa mpangilio wake, hasa ya tatu hadi ya tano.

Hatua ya kwanza: taja kazi unayoitaka

Kazi nyepesi kuliko zote ni kupitia. Anayepitia anasoma na kutoa maoni, basi. Anaweza kuandika pembeni "hapa sikuelewa" au "hili umelisema tayari", lakini neno hata moja halibadilishi.

Kusahihisha ni kuondoa makosa: tahajia, vituo, upatanisho wa ngeli, tarehe, hesabu, majina. Baada ya kusahihishwa, barua inasema kile kile ilichokuwa ikisema, kwa mtindo ule ule, ila haina aibu. Wengi neno hili tunalikumbuka kwa kalamu nyekundu ya darasani, ndiyo maana mtu mzima akiambiwa "nitakusahihishia" huona kama anarudishwa shule. Kwa mzee, sema "nitakutolea makosa ya uchapaji". Kazi ni hiyo hiyo na heshima yake imebaki.

Kuhariri kunaingia ndani zaidi. Mhariri anagawanya sentensi ndefu, anakata maneno ya ziada, anahamisha aya, anabadilisha neno lisilokaa vizuri. Sharti lake ni moja: anayesoma aendelee kumsikia mwandishi, asimsikie mhariri.

Kudurusu ni kurudi kwenye jambo lenyewe. Je, hoja imetimia? Taarifa bado ni za kweli? Kuna sehemu nzima inayostahili kuondoka, au jambo lililosahaulika? Kitabu cha shule kikiandikwa "toleo lililodurusiwa", maana yake wenyewe wamerudi kuyatazama yaliyomo, hawakuishia kwenye herufi. Kazi hii ni ya mwenye maandishi. Mwingine anaweza kumsaidia kwa maswali, lakini hawezi kumfanyia akiwa hayupo, kwa sababu hajui yaliyotokea.

Kuna na kuandika upya, ambako matini ya kwanza huwa ni habari tu za kutengenezea nyingine. Ukimwandikia mtu upya bila kumwambia, umemnyang'anya barua yake.

Basi unapotoa karatasi, sema kazi na mipaka yake:

"Assalaam aleikum, Maalim. Naomba unisahihishie tahajia na tarehe tu. Maneno niachie kama yalivyo."

Au: "Maalim, imekuwa ndefu. Naomba unifupishie ifike ukurasa mmoja. Ukiona jambo lafaa kuondoka, liondoe, lakini majina ya watu na ya vyombo yasiguswe."

Anayeletewa naye asione haya kuuliza. "Mama, nisahihishe tu au nihariri?" Swali hilo linamaliza kazi nusu. Kwa wenye maduka linamaliza na ubishi wa malipo: kuchapa kunalipwa kwa ukurasa, na anayedhani uhariri umo ndani ya bei hiyo ajue mapema kama umo au haumo.

Hatua ya pili: weka nakala isiyoguswa

Kabla ya kufuta chochote, hifadhi nakala moja kama ilivyokuja. Kwenye kompyuta ipe jina lenye tarehe na namba ya rasimu: "barua ya gati, rasimu 1". Usitumie neno "mwisho" katika jina la faili. Kila ofisi ina kompyuta yenye "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kweli", na iliyopelekwa ni ya nne. Karatasi ya mkono, ipige picha.

Hatua ya tatu: durusu kwanza

Watu wengi wanaanzia kwenye tahajia kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Matokeo yake ni kusahihisha kwa uangalifu aya ambayo baadaye itaondolewa nzima. Fundi wa milango hapigi msasa mbao ambayo bado hajaikata.

Tuchukue mfano. Hii ni rasimu ya barua ya kikundi cha wavuvi, nimeitunga kwa mtindo wa zile zinazoletwa kila siku:

"Sisi wanachama wa kikundi cha wavuvi tunaandika barua hii ili kuweza kuiomba ofisi yako iweze kutusaidia kuhusiana na suala la taa ya gati kwani taa ambayo ilikuwa imewekwa hapo iliharibika tangia mwezi wa tatu na vyombo zikiingia usiku zinagonga nguzo na juzi mashua moja ilipasuka ubavu na pia tungependa kuomba mafunzo ya kuhifadhi samaki kwa barafu na pia tunashukuru kwa msaada wa nyavu wa mwaka jana."

Usiguse "vyombo zikiingia" bado. Uliza kwanza: barua hii ina mambo mangapi? Matatu: taa, mafunzo, na shukrani. Taa na mafunzo huenda vikashughulikiwa na maofisa wawili tofauti, na yeyote atakayeipata barua kwanza atashughulikia la kwake na kuifungia faili. Kwa hiyo mafunzo yaondoke hapa, yaandikiwe barua yake. Shukrani inaweza kubaki, mstari mmoja, mwishoni.

Kisha uliza kilichokosekana. Gati ya kijiji gani? Wanaomba taa itengenezwe au iwekwe mpya? Mashua ilipasuka lini? "Juzi" katika barua ni neno lisilofaa kabisa. Barua ikikaa kwenye trei wiki mbili, juzi yenyewe imeshakuwa siku nyingine. Nani apigiwe simu afisa akitaka kuja kuona? Hayo yote mhariri hawezi kuyabuni. Anayaandika pembeni kama maswali na kuyarudisha kwa katibu.

Kazi zinazofanyika hapa kila moja ina jina lake, na ni vizuri kuzitaja hivyo mnapozungumza: kuondoa, kuongeza, kuhamisha, kugawanya, kuunganisha. Ukimwambia mwenzako "aya hii ibadilishe", hujamwambia kitu. Mwambie "ombi lihamishie juu, liwe sentensi ya kwanza" naye atajua mkono wake uende wapi. Tahadhari na kufafanua: watu wakiambiwa wafafanue huongeza, na mara nyingi maelezo huwa wazi kwa kupunguzwa.

Hatua ya nne: hariri sentensi

Sasa ndipo tunapokata. Katika rasimu ile "kuweza kuiomba ofisi yako iweze kutusaidia" ina kuweza kuwili ambako hakuna hata kumoja kunakohitajika. "Kuhusiana na suala la" haina kazi. "Taa ambayo ilikuwa imewekwa hapo" ni taa tu, kwani hakuna taa ya gati isiyowekwa. Ikikatwa inabaki hivi:

"Tunaomba taa ya gati ya kijiji chetu itengenezwe. Taa hiyo haijawaka tangu mwezi wa Machi. Vyombo vinavyoingia usiku vinagonga nguzo, na usiku wa Jumanne, tarehe 14 Mei, mashua moja ilipasuka ubavu. Tunaishukuru ofisi yako kwa msaada wa nyavu wa mwaka uliopita."

Vilivyoongezwa ni tarehe na neno "itengenezwe", ambavyo katibu aliulizwa akavitaja. Jina la kijiji litakuwa kwenye anwani juu. Mengine yote yalikuwamo.

Tazama pia kisichobadilishwa. "Mashua" imebaki mashua. Mhariri asiyeujua mwambao huona "boti" ni neno la kawaida zaidi akalibadilisha, na hapo afisa wa uvuvi anapata picha ya chombo kingine kabisa. Mashua, jahazi, dau, mtumbwi na hori ni vyombo tofauti, kwa umbo, ukubwa na kazi. Vivyo hivyo maneno ya seremala, ya mpishi na ya mshona kofia. Ukikutana na neno la kazi usilolijua, uliza. Si kosa kwa sababu hujawahi kulisikia.

Usikate na heshima yote. Barua ya Kiswahili isiyo na salamu wala shukrani husomeka kama amri, na kwa mzee wa mtaa au ofisi ya chifu hiyo ni hasara. Maneno mawili matatu ya adabu yanatosha. Yasiwe aya nzima ya kuulizia afya.

Hatua ya tano: sahihisha

Sasa soma tena kutoka mwanzo, ukitafuta makosa tu. Ukijikuta unabadilisha mtindo, umerudi hatua ya nne. Simama kwanza.

Upatanisho ndio unaowaangusha wengi. "Vyombo zikiingia zinagonga" ni mazungumzo ya kawaida ya Kenya, na mdomoni hayamdhuru mtu, lakini barua rasmi inataka "vyombo vikiingia vinagonga". Soma ukifuata jina na kitenzi chake peke yake, ukiruka yaliyo katikati. Makosa mengi hujificha pale jina na kitenzi vinapotenganishwa na maneno sita saba. Tazama pia maneno yaliyobandikwa au kutenganishwa ovyo: "kwahiyo" ni kwa hiyo, "ye yote" siku hizi huandikwa yeyote.

Saa zinahitaji kusomwa kwa makini kuliko kitu kingine. Mwandishi ameandika: "Boti itarudi baada ya masaa mawili." Msahihishaji anajua kuwa saa haina wingi wa ma- katika Kiswahili sanifu, anaandika "baada ya saa mbili". Sarufi imepona, abiria wameachwa gatini: mmoja amesoma kwamba boti itakawia muda huo, mwingine kwamba itarudi saa mbili ikishapita. Andika "baada ya muda wa saa mbili" kama ni muda, na "itarudi saa 2:00 usiku" kama ni wakati. Siku zote ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwani wapo watakaosoma 2:00 kwa saa ya Kiingereza, ambayo kwetu ni saa nane.

Tarehe zenye namba tupu pia ni mtego. 03/04 ni ya mwezi gani? Andika jina la mwezi.

Majina ya watu usiyasahihishe. Fatuma, Fatma na Fatima, Athman na Athumani, Mohamed na Muhammad: yote ni sahihi, lakini lililo kwenye kitambulisho ni moja, na ndilo linalotakiwa kwenye fomu ya basari au hati ya shamba. Msahihishaji anayesawazisha majina ili "yafanane" anamwachia mwenzake safari za ofisini za kuthibitisha kwamba Fatma ndiye Fatuma. Omba kitambulisho, nakili herufi kwa herufi.

Tunafika kwenye jambo la Kiamu, lahaja ya Lamu, ambalo hapa kwetu halikwepeki. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Utendi wa Tambuka, shairi refu la lahaja za huku kwetu kaskazini, uliandikwa Pate mwaka 1728, miaka 200 kabla ya uamuzi huo. Kwa hiyo mtu akiandika ndia, mato, tini na mui, hajakosea njia, macho, chini na mji. Ameandika lugha ya kwao. Swali la msahihishaji ni karatasi inakwenda wapi.

Barua ya ofisi ya kaunti, ombi la kazi, kumbukumbu za kikundi: weka sanifu, na mwambie mwenyewe umefanya hivyo. Maneno ya mtu yaliyonukuliwa: acha kama alivyosema, yawe ndani ya alama za kunukuu. Akisema "mato yangu yameona", usimwandikie macho. Shairi: usiguse kabisa bila mtunzi kuwapo. Tazama vipande hivi viwili vya mizani minane:

Nikafumba yangu mato
kwa moshi wa ule moto

Weka "macho" na mizani itabaki minane, lakini kina kimekufa. Msahihishaji atajisifu ameondoa kosa, na mshairi ataulizwa na wenzake siku hizi vina amevitupa wapi. Huo ndio uharibifu ninaouona mara nyingi kuliko wote, na hufanywa na watu wenye vyeti vizuri.

Hatua ya sita: weka alama zinazosomeka

Kwenye karatasi, kata neno kwa mstari mmoja ili lililokatwa liendelee kusomeka. Andika lililo sahihi juu yake au pambizoni. Usiandike herufi juu ya herufi, hasa tarakimu: 1 iliyogeuzwa 7 kwa nguvu ya kalamu huonekana kama wizi hata isipokuwa wizi.

Wanakili wa zamani wa visiwa hivi walikuwa na utaratibu mzuri, uliotoka katika uandishi wa hati za Kiarabu. Neno lililosahaulika liliwekewa alama ndogo mahali pake, kisha likaandikwa pambizoni na kumalizwa kwa herufi mbili, swad na ha, yaani sahh. Herufi hizo zilimwambia msomaji kwamba neno hili ni sehemu ya matini, liingie ndani. Maelezo ya kawaida ya pembeni hayakuwekewa. Chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika zipangike. Kazi ikiisha ilisomwa mbele ya nakala ya asili, neno kwa neno. Tenzi nyingi zilivuka kutoka mkono hadi mkono kwa njia ya kunakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyesifika pia kwa kuchonga mbao, aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa hati za Kiarabu zinazopendeza macho.

Sahh ya wakati wetu inahitajika bado. Makosa mengi ya uchapaji hutokea kwa kuwa kijana wa kompyuta hajui kama "mwulize Ami" iliyoandikwa pembeni ni maoni au ni sehemu ya barua, naye anaichapa. Tumia kalamu mbili: ya buluu kwa kinachoingia, ya penseli kwa maoni na maswali. Kama una kalamu moja, zungushia maoni duara na umwambie mchapaji kila kilicho ndani ya duara kisichapwe.

Ile kazi ya kusoma mbele ya nakala ya asili nayo ifanye, walau kwa namba za simu, fedha na vitambulisho. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole. Jicho la mtu mmoja linaona linachokitarajia.

Hati zenye saini zina kanuni zake. Kwenye makubaliano ya kuuziana kiwanja, ng'ombe au chombo, usitumie rangi nyeupe ya kufutia. Kata kwa mstari, andika juu yake, kisha pande zote mbili na mashahidi watie saini fupi pembeni mwa badiliko. Mabadiliko yakizidi mawili matatu, chapisheni hati nyingine na muichane ya kwanza mkiwa nyote mpo.

Hatua ya saba: simu na kompyuta

Kwenye programu za kuandikia kuna kitufe cha kufuatilia mabadiliko. Kiwashe kabla ya kugusa faili ya mtu. Kila ulichofuta kitaonekana kimekatwa, ulichoongeza kitakuwa na rangi, na mwenyewe atakubali au kukataa moja moja. Maoni yaweke kwenye visanduku vya maoni. Anayepokea asikubali yote kwa mpigo kwa sababu tu mhariri ni mtu mkubwa.

Kisahihishaji cha simu kilichowekwa Kiingereza kizime unapoandika Kiswahili. Kinageuza maneno wakati wewe unatazama vidole.

Chombo cha kutafuta na kubadilisha ni chepesi na ni cha hatari. Tuseme una hadithi ndefu ya Kiamu ambayo mwenyewe ameridhia iwekwe sanifu. Unaiagiza kompyuta popote penye "mato" iweke "macho". Itafanya hivyo bila kuuliza. Matokeo ya mtihani yatakuwa machokeo ya mtihani, na kijiji cha Matondoni, maarufu kwa kuunda majahazi, kitaitwa Machondoni. Ukibadilisha "ndia" kuwa "njia", India itakuwa Injia. Ukibadilisha "tini", matini yatakuwa machini. Chagua neno zima lenyewe, au bora zaidi, pitia moja baada ya jingine.

Hatua ya nane: rekebisha kilichokwisha kutoka

Hapa maneno yanabeba uzito wa sheria, kwa hiyo tusiyachanganye.

Kumbukumbu za mkutano husahihishwa kwenye mkutano unaofuata, kabla ya kuthibitishwa. Kusahihisha hapo maana yake ni kuzirudisha kwenye yale yaliyosemwa, hata kama leo watu wanajuta kuyasema. Fomula ni hii: "Kifungu cha 4, mstari wa pili, paliposomeka shilingi 15,000 pasomeke shilingi 1,500." Anatajwa aliyependekeza na aliyeunga mkono. Lakini kama mkutano uliamua 15,000 kweli, na sasa wanachama wanaona ni nyingi, hilo si kosa la katibu. Unatenguliwa uamuzi kwa uamuzi mpya, wenye tarehe mpya. Mwenyekiti anayesema "katibu, hapo sahihisha tu" anamwomba katibu abadilishe historia, na siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni katibu.

Katiba ya kikundi hurekebishwa. Marekebisho yanataka ilani, akidi na kura, kama katiba yenyewe ilivyoagiza. Katiba ya Kenya ya 2010 imetenga sura nzima, ya 16, kwa jambo hilo, na wananchi wakitaka kuanzisha marekebisho wenyewe wanahitaji saini za wapiga kura milioni moja. Vikundi vyetu vina theluthi mbili tu za kutafuta, na bado wapo wanaobadilisha kifungu kwenye kompyuta ya katibu usiku.

Tangazo la WhatsApp unaweza kulihariri ndani ya dakika 15 tangu kulituma. Zikipita, limekwama. Na hata ndani ya muda huo, walioshawatumia wengine wametuma lenye kosa, na nakala zile hazibadiliki. Basi tuma jipya, likiwa na neno MASAHIHISHO juu, na lililo sahihi litangulie:

"MASAHIHISHO: Mkutano wa kikundi ni Ijumaa saa 10:00 jioni, uwanja wa Mkunguni. Tangazo la jana lililosema saa 4:00 asubuhi lina makosa. Aliyewatumia wengine awatumie na hili."

Wengi huandika kosa kwanza na ukweli baadaye: "jana tulisema saa 4:00 asubuhi, lakini..." Msomaji anayepitisha jicho atabeba saa nne na kwenda zake.

Kama tangazo lilibandikwa pia ukutani, usibandike jipya pembeni ya la zamani. Zunguka na gundi yako, bandua la zamani kila lilipo: mlangoni mwa ngome, gatini, kwenye nguzo za sokoni. Moja litakalobaki ndilo mtu atakalolipiga picha na kulirudisha kwenye kundi saa tatu usiku, akiuliza kwa nini mkutano umehamishwa.